Wodi ya kemo isifunguliwe kabla muuguzi hajapata kinga

Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani aliyeishi Sagana alikuwa na njia moja tu: kudamka, kupanda matatu hadi Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 100, na kupanga foleni katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta pamoja na wenzake waliotoka kila pembe ya nchi. Wengi walianza matibabu wakiwa wamechelewa, na wengine waliyaacha katikati kwa kukosa nauli. Ugatuzi umebadilisha hali hiyo. Hospitali za rufaa za Nyeri, Embu na Meru sasa hutoa kemo, na mama wa Kagio au mzee wa Karatina anaweza kwenda, akatiwa dawa na kurudi kwake siku hiyohiyo. Katika nchi ambayo makadirio ya mwaka 2022 yalionyesha visa vipya zaidi ya 44,000 vya saratani na vifo zaidi ya 29,000, hatua hii imeokoa watu na itaokoa wengine. Hata hivyo, vituo hivi vinapozinduliwa, tunahesabiwa viti, vitanda na idadi ya wagonjwa watakaohudumiwa. Ni nadra kusikia lolote kuhusu mtu anayechanganya dawa, anayeitundika, na anayefagia chumba wagonjwa wakishaondoka. Hoja yangu ni kwamba kituo ambacho hakijawawekea kinga wanaoshika dawa hizi hakijakamilika, na kisipewe kibali wala malipo ya umma mpaka kikamilike.

Dawa hizi zina asili ambayo wengi wetu hatukuwahi kuelezwa. Baadhi ya zile za kwanza zilitokana na utafiti wa silaha. Mwaka 1942 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walikuwa wakichunguza kemikali za ukoo wa gesi ya haradali, ile iliyounguza na kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walipoona kwamba mojawapo hupunguza uvimbe wa saratani ya tezi za limfu. Desemba 1943 ndege za Ujerumani zilishambulia bandari ya Bari nchini Italia, meli iliyobeba shehena ya gesi hiyo ikalipuka, na waliowachunguza majeruhi wakaona jinsi chembe nyeupe za damu zilivyoporomoka mwilini mwao. Siklofosfamidi, ambayo hadi leo ni mhimili wa tiba ya saratani ya matiti, imetoka katika ukoo huo. Afrika Mashariki ina historia nayo ya kujivunia: katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, iliwaponya watoto waliokuwa na uvimbe wa Burkitt wa taya. Lakini dawa hiyohiyo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, limeiweka katika kundi la 1, kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, kwa sababu baadhi ya waliotibiwa nayo walikuja kupata saratani ya damu na ya kibofu cha mkojo. Dawa inayoshambulia chembe zinazogawanyika haichagui. Ndiyo maana nywele za mgonjwa hung'oka na damu yake hupungua, na ndiyo maana kijusi tumboni, ambacho kazi yake yote ni kugawanyika na kukua, kimo hatarini zaidi kuliko mtu yeyote aliye chumbani.

Mgonjwa anakubali hatari hiyo kwa kuwa bila dawa atakufa. Muuguzi, mfamasia na mfagiaji hawapati faida yoyote mwilini mwao, na ushahidi kwamba dawa huwafikia ni wa zamani. Mwaka 1979 watafiti wa Finland, wakiongozwa na Kirsti Falck, waliandika katika jarida la kitabibu la Lancet kwamba mkojo wa wauguzi waliokuwa wakishika dawa za saratani ulikuwa na uwezo wa kubadili chembe za urithi za bakteria maabarani, kiasi kilichozidi cha watu wasiofanya kazi hiyo. Mwaka 1985 utafiti mwingine kutoka hospitali 17 za Finland ulikuta kwamba wauguzi waliopoteza mimba walikuwa na uwezekano wa zaidi ya maradufu wa kuwa walishika dawa hizi katika miezi mitatu ya kwanza. Takriban robo karne baadaye, mwaka 2012, uchunguzi wa maelfu ya wauguzi wa Marekani ulitoa jibu la aina hiyohiyo: hatari ya mimba kuharibika ilikuwa karibu mara mbili, hasa kabla ya wiki ya 12. Wiki hizo ni zile ambazo wanawake wengi bado hawajajua, au hawajamwambia mtu, kwamba ni wajawazito. Mtu asisubiri kumwondoa muuguzi kwenye chumba cha kemo baada ya tumbo kuonekana. Wakati huo dawa imeshafanya lililo baya zaidi.

Dawa humfikiaje mtu ambaye hakudungwa? Zaidi kwa ngozi, kisha kwa pumzi na kwa mikono iliyogusa meza halafu ikagusa chakula. Kemo nyingi huja katika vichupa, baadhi zikiwa unga, na mtu lazima atie maji, atikise, avute kwa sindano, kisha aingize kwenye chupa ya dripu. Kichupa kikiwa na shinikizo ndani, sindano inapochomolewa hutoka unyunyu mwembamba usioonekana. Barakoa ya upasuaji haizuii unyunyu huo. Glavu za kawaida hupenywa baada ya muda, ndiyo maana miongozo ya kimataifa hutaka glavu zilizopimwa dhidi ya kemo, zivaliwe mbili mbili na kubadilishwa kila baada ya dakika 30 hivi. Dawa ya kusafishia mikono yenye spiriti haiui kemo, huitandaza tu. Na hata kununua kabati la kuchanganyia hakutoshi kama aliyeagiza hajui anachonunua. Yako makabati yanayopuliza hewa safi kutoka nyuma kuja mbele ili dawa isiingiwe na vijidudu, na hewa hiyo huishia usoni mwa mchanganyaji. Mwaka 1982 watafiti wa Houston, Texas, waliwapima wafanyakazi wa famasi waliotumia makabati ya aina hiyo wakakuta mkojo wao una uwezo uleule wa kubadili chembe za urithi. Walipotumia kabati ambalo hewa yake hushuka wima na kuchujwa, dalili hiyo haikuonekana. Tofauti ya makabati hayo mawili, kwa kamati ya zabuni ya kaunti, inaweza kuonekana kuwa tofauti ya bei tu. Kwa mtu anayekaa mbele yake miaka 20 ni tofauti ya damu yake.

Wapo pia ambao hata hawatajwi katika mijadala hii. Mwaka 1999 matokeo kutoka vituo 6 vya saratani vya Marekani na Kanada yalionyesha mabaki ya dawa kwenye robo tatu ya sampuli zilizofutwa famasini, na kwenye asilimia 65 ya zile za vyumba vya wagonjwa: juu ya meza, sakafuni, mikononi mwa viti. Vilikuwa vituo tajiri vyenye makabati. Anayeshika sakafu hiyo kila siku ni mfagiaji, ambaye mara nyingi ameajiriwa na mwanakandarasi, kwa mkataba wa muda, na hayumo kwenye orodha ya mafunzo ya hospitali. Naye dobi hukusanya shuka zenye matapishi na mkojo wa watu waliotiwa kemo jana, kwa maana dawa hutoka mwilini kwa njia hizo kwa muda usiopungua saa 48, na nyingine hukawia zaidi. Kisha kuna taka. Shirika la Afya Duniani linashauri taka za dawa hizi zichomwe kwenye joto la nyuzi 1,200, na matanuri madogo yaliyozoeleka nyuma ya hospitali zetu hayakujengwa kufikia joto hilo. Kinachochomwa nusu hurudi kwa jirani kama moshi.

Hapa ndipo mtu wa Sagana asiyefanya kazi hospitalini anapoingia katika habari hii. Matibabu yaliposogezwa karibu, saa hizo 48 nazo zilihamia nyumbani. Mgonjwa ametiwa dawa Nyeri asubuhi, jioni yuko kwake. Atatapikia beseni, atakojoa katika choo cha shimo kinachotumiwa na familia nzima, na nguo zake zitafuliwa kwa mikono mitupu na binti au mke, ambaye huenda ni mjamzito au ananyonyesha. Doksorubisini, ile dawa nyekundu, hata hugeuza rangi ya mkojo kwa siku moja au mbili, na familia ikashtuka isijue la kufanya. Mambo ya kufanya si mazito: glavu za kufulia, nguo za mgonjwa zifuliwe peke yake na kurudiwa mara ya pili, choo kifunikwe na kimwagiwe maji, beseni lisitumike kwa kazi nyingine, mjamzito apumzishwe kazi hiyo. Kumkumbatia mgonjwa, kula naye na kulala naye nyumba moja hakuna neno. Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 Septemba 2023, na hupita nyumba kwa nyumba hadi vijiji vya Kirinyaga. Kuwafunza haya ni kazi ya alasiri moja, na karatasi ya maelezo kwa Kikuyu na Kiswahili ingeweza kutolewa kwa kila mgonjwa pamoja na kadi ya kliniki. Nimeona ni muhimu kulitaja hili kwa urefu kwa sababu kinga ya mfanyakazi na kinga ya familia hutoka katika elimu moja. Muuguzi ambaye mwenyewe hajafundishwa, hawezi kumfundisha binti wa mgonjwa.

Tuangalie jinsi tunavyoshughulikia hatari iliyo mlango wa pili. Mashine ya mionzi haiwashwi Kenya bila leseni. Wakati wa Sheria ya Kinga dhidi ya Mnururisho na sasa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, chumba hupimwa, kuta hukaguliwa, na mfanyakazi huvaa beji inayorekodi kiasi cha mionzi alichopokea. Kwa kemo hakuna beji ya namna hiyo popote duniani, na hakuna kiwango ambacho sayansi imekubaliana kwamba chini yake mtu yuko salama. Kwa hiyo kinachobaki ni kuzuia dawa isimguse mtu tangu mwanzo, na hilo linahitaji ukaguzi mkali kuliko wa mionzi, si hafifu kuliko huo. Sheria ya kusimamia tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atambue hatari, afunze wafanyakazi na awape vifaa vya kujikinga bila kuwatoza, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Tatizo ni kwamba fidia hudaiwa kwa ushahidi, na muuguzi ambaye hakuna daftari lililoandika ni dawa gani alizishika, kwa miaka mingapi, hana cha kumwonyesha hakimu.

Pingamizi la kwanza nalisikia kabla sijamaliza, na ni zito: sisi si Marekani. Kaunti haina fedha za kulipa wauguzi kwa wakati, itanunuaje makabati? Tukidai kila kitu kiwe kamili, wodi itafungwa na mgonjwa atarudi kwenye matatu ya Nairobi. Naliheshimu pingamizi hili kwa sababu linamtetea mgonjwa, na mgonjwa ndiye mwenye dharura. Lakini linachukulia kwamba gharama ya kinga ni nyongeza juu ya gharama ya tiba, ilhali ni sehemu yake, kama sindano na maji ya dripu. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia vikao vya kemo. Bei ya kila kikao na ihesabu glavu, gauni na uchujaji wa hewa, na isilipwe kwa kituo kisichokuwa navyo. Pia si lazima kila hospitali ichanganye yenyewe. Jiografia ya Mlima Kenya inatusaidia. Barabara ya Kenol hadi Marua kupitia Sagana imepanuliwa, na gari linaweza kutoka famasi moja kubwa likafikisha dawa zilizokwisha kuchanganywa katika hospitali jirani asubuhi hiyohiyo, kwa zile dawa zinazostahimili saa kadhaa. Kabati moja zuri, lenye mfamasia aliyebobea na linalokaguliwa kila mwaka, litawalinda watu wengi zaidi ya makabati manne mabovu. Kaunti ambazo tayari zina jumuiya ya kiuchumi haziwezi kushindwa kushirikiana kwenye kabati.

Na mambo mengi hayahitaji hata kabati. Kupiga marufuku kula na kunywa chai katika chumba cha dawa ni bure. Kupanga zamu ili mjamzito, anayenyonyesha na anayejaribu kupata mtoto wafanye kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara ni uamuzi wa msimamizi. Kuwa na vifaa vya kukaushia dawa iliyomwagika karibu na kila kiti, na mtu anayejua kuvitumia, hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kuweka daftari la nani alishika nini kunahitaji kalamu.

Pingamizi la pili ni la kisayansi. Kiasi kinachomfikia muuguzi ni kidogo mno kikilinganishwa na kinachoingia kwenye mshipa wa mgonjwa. Ziko tafiti ambazo hazikuona ongezeko la mimba kuharibika. Na kwamba saratani ya muuguzi fulani ilisababishwa na kazi yake ni vigumu mno kuthibitisha. Yote hayo ni kweli. Ushahidi wa mimba una nguvu kuliko ule wa saratani, na mwandishi mkweli hapaswi kuchanganya aina hizo mbili. Lakini ugumu wa kuthibitisha hutokana na saratani kukawia miaka, na pia wafanyakazi kuhama vituo bila kumbukumbu. Hauthibitishi usalama. Mkulima wa nyanya Kagio haambiwi achanganye dawa ya wadudu kwa mikono mitupu mpaka daktari athibitishe kwamba ndiyo iliyomuumiza jirani yake. Anaambiwa avae glavu na asimame upande upepo unakotoka, na kila mzazi angempa mwanawe ushauri huo. Wakati wa Ukimwi hatukungoja kila nesi aambukizwe ndipo tumpe glavu na dawa za kuzuia maambukizi baada ya kuchomwa sindano. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipotoa tahadhari yake mwaka 2004, ilitaja vipele, utasa, mimba kuharibika, kasoro za watoto na pengine saratani ya damu. Umoja wa Ulaya uliziingiza dawa hizi katika sheria yake ya vitu vinavyosababisha saratani kazini mwaka 2022. Nchi hizo zilifanya uamuzi huo zikiwa na mashaka yaleyale ya kisayansi tuliyo nayo.

Wako pia wanaohofia kwamba kusema hadharani hatari hizi kutawatisha wagonjwa waikimbie kemo, au kutafanya majirani wamtenge mgonjwa kana kwamba anaambukiza. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa unyanyapaa wa saratani bado upo vijijini. Ila kimya hakijawahi kuuondoa. Mgonjwa anayemwona nesi amevaa gauni na glavu mbili, na anaelezwa kwamba nesi huyo hushika dawa za watu wengi kila siku kwa miaka, ataelewa. Asiyeelezwa ndiye anayebuni maelezo yake. Kuna pia suala la posho. Vyama vya wafanyakazi wa afya vimedai marupurupu ya hatari kwa muda mrefu, na sina ugomvi na madai hayo. Hata hivyo naviomba viweke vifaa na mafunzo mbele ya posho kwenye meza ya mazungumzo, kwa maana shilingi haizuii siklofosfamidi kupenya ngozi, na mwajiri akishalipa posho huona amemaliza deni.

Hoja hii hailengi hospitali moja. Inalenga utaratibu wa kutoa vibali, na utaratibu huo una wenyewe: Baraza la Madaktari linalosajili vituo, Bodi ya Dawa na Sumu inayosimamia famasi, Idara ya Usalama na Afya Kazini yenye mamlaka ya kuingia na kukagua, na SHA yenye mfuko. Taasisi hizi nne zikikubaliana kwamba hakuna kituo kitakachotoa kemo bila kabati sahihi lililokaguliwa mwaka huo, liwe lake au la hospitali inayokichanganyia dawa, glavu zilizopimwa, mafunzo yanayomjumuisha mfagiaji wa mwanakandarasi, daftari la washikaji dawa na njia halali ya kutupa taka, na kwamba ripoti ya ukaguzi itabandikwa mlangoni, jambo hili litakwisha bila sheria mpya. Vituo vilivyopo vipewe muda maalumu wa kujirekebisha, vichanganyiwe dawa na hospitali jirani huku vikijiandaa, na mgonjwa hata mmoja asirudishwe Nairobi kwa sababu hiyo.

Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa katika mabunge ya kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Ewe msomaji wa Sagana, Karatina, Nyeri, Embu au Meru, nenda katika kikao hicho. Mwombe mwakilishi wako wa wadi akuonyeshe ni fungu gani la fedha limetengwa kumlinda muuguzi wa kemo na anayefagia chumba chake, na usiondoke kabla jibu halijaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.